Ng'ombe Wetu Hawapiti Pale

Jamani, hebu sikieni.

Asubuhi niliuliza swali kwenye kundi la wafugaji mtandaoni: kwa nini ng'ombe wetu hapa Mabira wanakikwepa kipande kimoja cha malisho, na nyasi zake ni nzuri kuliko zote? Nikaweka na picha.

Watu walicheka. Mmoja akasema ng'ombe wangu wana mapepo.

Halafu mama mmoja nisiyemjua akaandika: "Mwanangu, hicho kilima cha nyuma kwenye picha nakifahamu, tuliishi hapo. Usikanyage hapo! Kuna kisima. Tulikifunika kwa magogo na udongo kabla ya kuhama."

Nikamwita baba. Na baba ndiye aliyenituma nikakate nyasi palepale leo!

Tukasimama mbali kidogo, tukagonga ardhi kwa ufito mrefu.

Ikalia kama ngoma.

Tulipogonga tena, ikatitia. Udongo ukaporomoka, kimya, kisha tukasikia maji, chini kabisa.

Baba alikaa chini.

Nikamfuata yule mama inboksi: "Shikamoo mama. Asante sana, umeniokoa. Lakini kisima kilikuwa na maji, kwa nini mlikifunika?"

Amesoma. Akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha.

Mpaka sasa kimya.

Ninyi mngemuuliza tena?