Bi Verdell Aliyengoja Kuzeeka

Jirani yangu Bi Verdell Tolbert ndiye mtu pekee niliyepata kumwona akiomba miaka imwendee mbio. Wanawake wengine wa kanisa letu ukiwauliza umri wanatazama pembeni. Verdell hata usipomwuliza alikuwa anakwambia: nina sitini na mbili, natafuta ya tatu. Alisema hivyo kwenye foleni ya duka la vyakula, alisema kwa mtu wa posta, alisema kwa mchungaji. Wageni walidhani ni mzaha wake. Sisi tuliomjua tulikuwa tunahesabu pamoja naye kimoyomoyo.

Alikuwa msusi. Mumewe alipofariki, aligeuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa saluni, na mji wetu mdogo wa Tallow Creek, huku kusini mwa Alabama, ukahamia humo. Ijumaa na Jumamosi ungesikia harufu ya chanuo la moto na mafuta ya nywele tangu barabarani. Wanawake walikaa hadi barazani wakingoja zamu, na wengine hawakuwa na zamu yoyote, walifuata maneno tu. Amesuka vichwa vya watoto ambao sasa wana wajukuu. Mimi Lanette, ambaye uzio mmoja tu unanitenga na yeye, nilikuwa sijaguswa kichwa na mtu mwingine tangu nilipoolewa nikahamia mtaa ule.

Macho yalianza taratibu. Kwanza alilalamikia miwani, akasema vioo siku hizi vinatengenezwa ovyo. Kisha akasema taa za magari zinamtawanyikia kama mtu aliyetupa glasi chini. Akaacha kuendesha jioni, baadaye akaacha kabisa, gari likakaa uani mpaka majani yakaota kwenye magurudumu. Nilipompeleka kliniki ya wilaya, daktari alimwangalia akamwambia ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Alimtuliza. Alisema ni operesheni nyepesi, inachukua muda mfupi, na mgonjwa anarudi kulala kwake siku hiyohiyo. Halafu akamwuliza ana bima gani.

Verdell alisema hana. Daktari akamtajia bei, naye akafunga pochi yake, akashukuru, akanyanyuka.

Mume wangu Hosea alikuwa akifanya kazi idara ya barabara ya jimbo, kwa hiyo mimi mkewe nilikuwa nimekatiwa bima bila hata kuiomba. Nikiumwa jino naenda, nikikohoa naenda. Verdell alijiajiri mwenyewe, na hakuna aliyemkatia. Mwanawe Quincy alikuwa na kazi nzuri kule Memphis, na bima yake ilimpokea mkewe na watoto, lakini mama mzazi haikumtambua. Verdell akaenda ofisi ya msaada wa matibabu kwa maskini. Wakamwuliza kama ana watoto wadogo nyumbani, kama ni mlemavu. Hana, na siye. Basi hapa Alabama umaskini peke yake haukutosha. Akaulizia ile bima ambayo watu hununua na serikali ikawachangia, akaambiwa kipato chake ni kidogo mno, mchango huo unaanzia kwa waliomzidi. Hosea alimfanya arudie maelezo hayo mara mbili akidhani hakusikia vizuri.

Mama mmoja wa dirishani pale ofisi ya msaada, kwa upole tu, alimwambia akifikia kuhesabiwa kipofu kwa mujibu wa sheria arudi, hapo wataliangalia upya suala lake.

Ikabaki njia moja. Nchini kwetu mtu akitimiza miaka sitini na mitano, serikali inampa bima ya wazee, awe amejiajiri, awe ameajiriwa. Verdell akaamua kuzeeka.

Kanisani tulitaka kumfanyia harambee. Kwetu mtu akiugua, tunakaanga samaki, tunapanga sahani na saladi ya kabichi na mkate, tunauza Jumamosi nzima. Verdell alikataa. Tulikuwa tumeshauza sahani kwa ajili ya figo za Shemasi Lucius, tukauza kwa ajili ya mtoto wa kina Pettiford aliyekuwa na saratani ya damu, na kila aliyekula samaki yule alikuwa na mtu wake nyumbani anayehitaji samaki wake. Alisema ziacheni sahani ziende kwa wanaokufa. Yeye hafi, haoni tu.

Kwa hiyo akaendelea kusuka akiwa haoni, na mji mzima ukajifanya haujui.

Mwanzoni mikono yake ilikuwa inajua kila kitu yenyewe. Kisha mistari ikaanza kwenda upande. Mmoja akatoka na nywele ndefu kushoto kuliko kulia. Mwingine akaunguzwa kidogo sikio. Karibu na Pasaka, Bi Clemmie, mke wa mchungaji, alikuja kutiwa rangi ya fedha kwenye mvi zake kama kila mwaka. Verdell akachukua chupa iliyokaa kando ya ile ya fedha. Clemmie akatoka pale ana kichwa cha zambarau. Alijitazama kwenye kioo, akasema imependeza, akalipa, akaacha na bakshishi, akaja moja kwa moja kwangu kuazima kofia pana. Tangu siku hiyo biashara ya kofia ilishamiri kanisani kwetu. Hakuna aliyepanga, wala hakuna aliyeitisha kikao.

Mwenyewe alijua siku moja alipokuwa akiniosha kichwa. Vidole vyake vilifika kisogoni vikasimama. Vikaenda kushoto, vikarudi kulia.

"Nani kakukata huku nyuma?" aliuliza.

Nilikuwa nimeegemea sinki, maji masikioni, sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia, "Wewe."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

Alipapasa tena, polepole, kama anayesoma. "Na mnatembea hivi mjini?"

"Tunavaa kofia, dada."

Alicheka kidogo. Akafunga bomba, akapapasa kiti cha wateja, akakaa. Akaniuliza habari za Clemmie.

"Zambarau," nikasema.

"Pasaka nzima?"

"Pasaka nzima. Na mchungaji alihubiri hajamtazama hata mara moja."

Tulicheka mpaka nikashika mbavu, maji yakinichuruzika mgongoni. Aliponyamaza, uso wake ulikuwa umebadilika. "Mngeniambia, Lanette."

"Tungekwambia, ungefunga."

"Ningefunga, ndiyo."

"Basi ndiyo maana."

Alinisuuza nywele, akanifunga taulo, hakutaka pesa yangu. Jioni ile aligeuza kibao cha mlangoni, upande ulioandikwa saluni imefungwa. Hakukigeuza tena kwa muda mrefu.

Kipindi kile sipendi kukikumbuka sana. Nyumba iliyokuwa na watu mpaka barazani ikawa kimya. Alikaa jikoni na redio. Quincy alimtumia chochote alichoweza, nasi tulipeleka sahani juu ya uzio, naye alipokea kwa adabu ya mtu asiyezoea kupewa. Mjukuu wake alipozaliwa Memphis, walimleta akampakata. Alimgusa pua, akagusa masikio, akamnusa shingoni, akasema ni mzuri. Mkwewe alitoka akaenda kulilia kwenye gari.

Kisha akaanguka. Alikosea ngazi ya nyuma, akavunjika mkono. Hospitali ilimpokea, maana dharura hawawezi kukufukuza, wakamfunga plasta vizuri na kumlaza siku mbili. Hosea alimwuliza muuguzi, madhali mama yuko pale kitandani na wataalamu wako jengo hilohilo, kwa nini wasimtazame na macho yaliyomwangusha. Muuguzi alisema macho si dharura. Gharama za ule mkono zilipita bei ya jicho aliyotajiwa kliniki. Verdell aliposomewa hesabu hiyo alicheka, akamwambia Hosea, "Shemeji, ningejua ningeanguka na jicho."

Hata hivyo muda ulikwenda. Mwaka wake wa sitini na mitano ulipoingia, alianza kuamka mapema na kuvaa vizuri, kama mtu mwenye safari. Kadi ya bima ilifika kwa posta kabla ya mwezi wenyewe. Aliniletea mkononi nimsomee. Nikamsomea jina lake na tarehe ya kuanza. Akaniomba nirudie tarehe. Akaiweka kifuani, ndani ya nguo, palepale mama yangu alipokuwa akiweka hela ya sadaka.

Siku yake ya kuzaliwa tulijaa nyumbani kwake. Clemmie alioka keki. Verdell akasimama, mkono mmoja ukishikilia meza, akatangaza kwamba yeye sasa ni mzee rasmi, na anayebisha aiandikie serikali. Sijawahi kuona watu wakipiga makofi hivyo kwa ajili ya uzee. Shemasi Lucius, ambaye figo zake zilikuwa bado zinamtesa, alipiga makofi kuliko wote.

Tulimpeleka Montgomery, mji mkuu wa jimbo letu, akafanyiwe operesheni. Walianza na jicho la kushoto. Ile sehemu ya gharama ambayo bima hailipi, Quincy alishaimaliza. Tuliondoka Tallow Creek tukiwa tumebeba vyakula kama watu wanaohamia, tukijiandaa kungoja siku nzima. Hosea hakumaliza hata kahawa yake. Wakamtoa Verdell akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ana kikombe cha plastiki juu ya jicho, anauliza kama ndiyo hiyo tu. Muuguzi akamjibu ndiyo hiyo tu. Verdell akakigusa kile kikombe. Nadhani alikuwa anapima urefu wa ile miaka kwa ufupi wa yale aliyofanyiwa. Mimi pia nilikuwa napima. Tulilala kwa binamu yake Hosea, asubuhi tukarudi ili afunguliwe.

Daktari, mwanamke mwembamba aliyezungumza taratibu, alimwondolea kile kikombe. Verdell alipepesa. Alimtazama daktari, akatazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza upande wa viganja. Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama kwa muda, nami nikawa na hofu ya kijinga kama msichana anayeposwa.

"Lanette," akasema, "nani huyo amekuwa akikutengeneza hizo nywele?"

Nikamtajia msusi wa mji wa jirani, niliyekuwa nikienda kwake tangu yeye afunge.

"Amekuonea."

Hosea alitoka nje. Alisema anakwenda kuangalia gari, lakini gari halikuwa na tatizo lolote.

Daktari alikuwa na neno jingine, akatuomba tukae. Jicho la kulia wangelifanyia pia, mwezi ujao, na ukungu ungeondoka. Lakini alipolipima alikuta presha ya jicho, ambayo kwa miaka yote ile ilikuwa inakula mshipa kimyakimya nyuma ya ukungu. Kilicholiwa hakirudi. Jicho lile lingeona mwanga na maumbo, si zaidi. La kushoto nalo lilikuwa na dalili, ila limewahiwa, na kwa dawa ya matone kila siku litabaki kama lilivyo leo.

Verdell alimwuliza kama angekuja mwanzoni, alipoambiwa kliniki, hilo la kulia lingepona. Daktari hakumficha. Alisema wangeliona mapema, na uwezekano mkubwa wangeliokoa.

Verdell aliitikia kwa kichwa. Alichukua matone yake, akasikiliza yanavyotiwa, akarudia maelezo bila kukosea. Kwenye korido alinishika mkono, si kwa kuongozwa, kwa kunishika tu. Akasema alikuwa amejiandaa kupoteza yote mawili na hakuwahi kumwambia mtu. Akasema moja linamtosha kusuka, na linamtosha kumwona yule mtoto wa Memphis kabla hajaanza kutembea.

Kwenye gari alikataa kukaa nyuma. Tukatoka mjini, barabara ikanyooka, na Verdell akaanza kusoma. Alisoma bango la duka la matairi. Alisoma karanga za kuchemsha, moto, nusu maili. Alisoma tangazo la wakili wa ajali, na namba yake ya simu yote. Alisoma ubao wa kanisa la Wabaptisti uliokosewa herufi, akatueleza herufi gani imekosewa. Alisoma majina ya mito midogo ambayo Hosea amepita juu yake maisha yake yote ya kazi bila kuyajua.

Baada ya mwendo mrefu Hosea alimwomba kwa adabu, "Shemeji, pumzika kidogo basi."

"Endesha, shemeji," Verdell akamwambia. "Fataki, bei nafuu, kulia. Matunda ya pichi, yamekwisha. Punguza mwendo, shule."

Hosea akapunguza mwendo.