Siku Niliyogombea Kiti cha Mtaa kwa Mstari

Nianze kwa kukiri kwamba bado kuna watu hapa Columbus, Marekani, wakiniona dukani pale Morse Road wanasimama nyuma yangu kimya kimya, mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu, mpaka nigeuke niwaone wanavyojizuia kucheka, na mimi siwalaumu kwa sababu aibu ile niliitengeneza mwenyewe, kwa neno moja tu.

Ilikuwa 2015, baridi ikianza. Mtaa wetu una baraza lake dogo, na kiti chake ndicho cha chini kabisa katika serikali ya jiji, hakina mshahara wala gari, lakini aliyekikalia anasikilizwa na wakubwa wa jiji kuhusu taa za barabarani, takataka na vituo vya basi. Sisi shida yetu ilikuwa kituo cha basi. Wanawake wetu wanaokwenda kazini alfajiri walikuwa wanasimama pale kwenye theluji bila hata paa, na Mama Esta, jirani yangu Mkongomani mwenye magoti mabovu, alikuwa anakaa juu ya ndoo aliyotoka nayo nyumbani. Tulitaka kibanda. Watu wa kanisani wakasema Baba Neema, yaani mimi, agombee, Kiingereza anacho, koti analo (koti lilikuwa la shemasi, mikono ilinifika kwenye vidole, lakini kwa mbali lilipendeza).

Basi Jumapili moja baada ya ibada tumekaa tunapanga, Mzee Byamungu akauliza swali la maana kuliko yote.

"Bon, Baba Neema, kura ya huku iko ya mustari ao ya karatasi?"

Ndugu zangu, sikujua. Karatasi ya maelezo ilikuwa mezani kwangu nyumbani tangu wiki iliyopita, na binti yangu Neema, anayesoma chuo, alitaka kunisomea nikamwambia aache, mimi nilikuwa katibu wa bloku kule kambi ya wakimbizi Kigoma, uchaguzi nitafundishwa na nani? Sasa watu wote wananitazama, na mgombea hawezi kusema hajui, kwa hiyo nikasema, "Mstari."

Wakafurahi mno, maana kura ya mstari wanaijua. Kule kambini kiongozi wa bloku tulimchagua hivyo, wagombea wanasimama uwanjani, kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya mtu wake, wanahesabiwa, mchezo umekwisha, na sheria yake kubwa ni kwamba ukitoka kwenye mstari huhesabiwi, hata kama umebanwa na haja.

Siku ikafika. Uchaguzi ulikuwa kwenye chumba cha mikutano cha maktaba, na mpinzani wangu alikuwa Bwana Dale, mstaafu mmoja wa Kizungu aliyekikalia kiti hicho miaka na miaka, kampeni yake yote ilikuwa kopo la biskuti na mbwa aliyevalishwa sweta. Watu wangu walikuja na vitenge, na vigelegele, na watoto mgongoni. Mlangoni kulikuwa na mama mmoja mfanyakazi wa jiji anaitwa Linda, anamkabidhi kila mtu karatasi na kumweleza kwa Kiingereza huku akionyesha kwa kalamu, na watu wetu kwa adabu yao wanaitikia yes, yes, thank you, kisha wanaikunja karatasi na kuiweka mfukoni vizuri (Mama Esta aliiweka ndani ya Biblia, akidhani ni ya kudai chakula baadaye). Linda akaniuliza kama naweza kuwaeleza kwa lugha yetu. Nikamwambia asijali, hawa ni wazoefu.

Nikaenda kusimama karibu na dirisha, nikanyoosha koti, na mstari ukaanza. Mzee Byamungu mbele, Mama Esta nyuma yake ameegemea fimbo, halafu kwaya nzima, ukatoka mlangoni, ukapita kwenye vitabu vya watoto, ukakunja kona ya kompyuta. Sijawahi kujiona mrefu kama siku ile. Na uzuri zaidi ni kwamba Wamarekani waliokuwa wanaingia wakikuta mstari nao wanaunga, maana Mmarekani akiona mstari haulizi, anaamini mbele kuna kitu, kwa hiyo mimi nikaona Wazungu wenye makoti mazito wanasimama nyuma ya kwaya yetu na nikajisemea kumbe nimewashinda hadi nyumbani kwao.

Neema akaja amechelewa kutoka chuo. Akapita kando ya mstari mpaka kwangu, akaninong'oneza kwa Kiingereza chake kwamba baba, mbona watu wetu wameweka karatasi mfukoni, sivyo inavyofanyika.

"Nenda kwenye mstari," nikamwambia. "Usiniaibishe mbele za watu."

Akanitazama kidogo, akaenda.

Hapo ndipo haja ikanibana kweli (nilikunywa chai nyingi kwa wasiwasi). Nikatoka polepole kuelekea chooni, kugeuka naona Mzee Byamungu yuko nyuma yangu, na nyuma yake Mama Esta, na kwaya, na Wazungu, mstari mzima unakuja.

"Mzee, mimi naenda msalani."

"Twende tu," akasema. "Tukikuachia nafasi, batatuhesabia wapi?"

Wakanisubiri mlangoni, kwa mstari, na nilipotoka nikaona heri nigeuze jambo liwe la heshima, nikaanza kuukagua mstari kama rais anavyokagua gwaride, nikimshika mkono kila mtu, mpaka nikafika mwisho kabisa. Na mwishoni namwona nani, Bwana Dale mwenyewe, na mbwa wake. Mpinzani wangu yuko kwenye mstari wangu. Machozi yalinilenga, sitawaficha. Akafungua mdomo, akasema neno "sanduku", lakini mimi nilikuwa nimeshamkumbatia, nikawageukia watu na kutangaza kwa sauti, "Bwana Dale amekubali matokeo, amekuja upande wetu." Vigelegele vilivyopigwa mle maktaba, kuna mtu alidondosha vitabu. Bwana Dale anajaribu kusema tena, wanawake wa kwaya wanamvisha kitenge mabegani, mbwa anabweka.

Katika kelele hizo Linda akatangaza muda umekwisha. Akaenda kwenye kona ya nyuma, nyuma ya kibao cha matangazo, akainua sanduku. Mimi nilikuwa nimeliona tangu mwanzo nikadhani ni la kurudishia vitabu. Akalifungua mbele yetu, akatoa karatasi nne. Akalitikisa, akachungulia ndani, akatutazama tulivyojazana, akatazama tena ndani ya sanduku.

"Bwana Dale, kura tatu," akasema. "Baba Neema, kura moja."

Mzee Byamungu akanivuta koti. "Anahesabu nini? Batu beko hapa." Nikamweleza Linda kwamba watu ndio hawa, awahesabu, ni mstari, akauliza mstari wa nini, nikaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo macho ya watu wangu yalivyotoka kwa Linda yakahamia kwangu, maana sasa wakaanza kuzichomoa zile karatasi mifukoni na kuelewa. Linda naye aliona aibu kwa niaba yangu, lakini alisema kufunga ni kufunga, angefungua kwa ajili yetu angefungua kwa kila mtu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Nikajifariji kwa kura yangu moja. Nikamfuata Neema, nikamwambia asante mwanangu, wewe peke yako uliniokoa na sifuri.

"Sikupiga, baba," akasema, na safari hii kwa Kiswahili, taratibu. "Uliniambia nikae kwenye mstari."

Na mimi mwenyewe? Sikupiga. Niliona mtu kusimama nyuma yake mwenyewe ni utovu wa adabu. Basi nikabaki natazama watu, ni nani huyu, mpaka Bwana Dale akaja na kitenge chake mabegani, uso umeanguka kuliko wangu, akaniambia kura ile ni yake. Alifika kabla ya watu wote akanipigia mimi, maana amechoka, mkewe anataka wahamie kusini kwa wajukuu, na zile tatu ni za majirani zake walioingia naye, ambao hawasikii akiwaambia inatosha. Alipoona hakuna anayelikaribia sanduku alitaka kuniambia, ila kwao mtu haruki mstari, kwa hiyo akasimama nyuma kungoja zamu yake.

Akaondoka kumpigia mkewe simu ya kumwambia anabaki. Nikabaki mimi na Mama Esta, aliyekuwa amesimama jioni nzima kwa magoti yale, ameketi sasa kwenye kiti cha watoto, Biblia mapajani.

"Baba Neema," akaniuliza, "donc kile kibanda, tutakipata?"

"Hapana, mama. Mwaka huu hapana."

Hakunilaumu. Alitoa karatasi yake ndani ya Biblia, akainyoosha juu ya goti, akaniomba nimwonyeshe pale ambapo angeweka alama. Nikamwonyesha. Akaomba kalamu, akaiweka alama yake hapo kwenye jina langu, taratibu, akaikunja, akanipa. Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari la shemasi, na sikulia kwa ajili ya kiti.

Kwa hiyo nimeapa. Mtu akiniuliza jambo nisilolijua, nitasema sijui, hata kama kanisa zima linanitazama na koti nimeshavaa. Neno lenyewe ni fupi kuliko mstari.