Sufuria Hii ni ya Nani

Bibi mmoja aliletwa darasani kwangu na watoto wanne, na kila mmoja alidai ni bibi yake. Wazazi wa mmoja walitoka Mombasa, wa mwingine Kigoma, wa wawili waliobaki Uvira na Bujumbura, lakini bibi alikuwa yule yule. Alikuwa na mbuzi wa pembe moja, na siku ya harusi yake nyuki alimuuma mdomoni. Nilisoma karatasi zote nne nikiwa nimesimama, na nilipofika ya nne nilikuwa nimeshampenda yule mbuzi.

Hii ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, Stockholm, nami nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Watoto wa wahamiaji walipewa saa yao ya lugha ya nyumbani, na saa hiyo iliwekwa mwisho kabisa wa siku, mtoto akiwa na njaa na koti tayari liko magotini. Nilibeba mkoba wangu kutoka Jakobsberg hadi Rissne hadi Hjulsta, treni inapoishia, na kila shule nilifundisha katika chumba cha mtu mwingine. Nilikuwa sina hata ndoano ya kutundikia kofia.

Niliwauliza yule bibi ni wa nani hasa. Hawakuona haya hata kidogo. Mkubwa wao, binti wa miaka kumi, yule ambaye wazazi wake walitoka Uvira, alinijibu kwa Kiswidi kama kawaida yao. Bibi ni wake, alisema, wenzake hawakuwa na cha kuandika, kwa hiyo aliwagawia.

"Ningewanyima?" aliuliza, safari hii kwa Kiswahili.

Hapo nilikwama. Shule ingemwita mdanganyifu, yeye na wenzake wote watatu. Lakini nyumbani kwao, na nyumbani kwangu pia nilikokulia Bukavu, mtoto mbaya ni yule anayeficha chakula wenzake wakimtazama. Kumwambia kwamba kugawa ni kosa ingekuwa kumwambia kwamba mama yake amemlea vibaya, na sikuwa tayari kusema hivyo kwa ajili ya karatasi nne.

Jibu nililipata Jumapili, kanisani, nikiosha vyombo. Kwetu baada ya ibada kila mama huleta chakula chake, sombe ya majani ya muhogo, wali, maharage, samaki, na kila sufuria ina alama chini yake. Mmoja anapaka rangi ya kucha, mwingine anabandika utepe, mwingine amechonga herufi zake kwa msumari. Wakati wa kula hakuna anayeuliza nani kapika nini, chakula ni cha wote. Wakati wa kwenda nyumbani sufuria zinapinduliwa, alama zinaangaliwa, na kila moja inamfuata mwenyewe. Ukiazima ya mwenzako ukaondoka nayo, huirudishi tupu. Unatia kitu chako ndani, hata kama ni ndizi mbili.

Basi wiki iliyofuata nilipanda treni na sufuria zangu ndani ya ule mfuko mkubwa wa buluu ambao kila nyumba ya Stockholm inao. Nilizipindua juu ya meza. Niliwaambia watoto kuwa maneno ya mwenzako unaweza kuyala, lakini sufuria ina mwenyewe, sema ni nani, halafu utie cha kwako kabla ya kuirudisha. Tukafanya kama mchezo. Mtu akisimama kusoma, wenzake wanamuuliza, "Umepewa na nani?" Naye anajibu, "Nimepewa na fulani, na mimi nimeongeza hiki." Kila mtoto alichagua rangi yake, na sentensi ya kuazima ilipigwa mstari kwa rangi ya mwenyewe.

Mbuzi alirudi Uvira. Yule wa Mombasa aliandika upya kwamba bibi yake hana mbuzi, ana simu, na anapiga kelele ndani yake kwa sababu Sweden ni mbali. Nilicheka mpaka nikakaa.

Mwenye chumba kile alikuwa mwalimu wa darasa, mwanamke wa Kiswidi wa makamo mwenye sauti laini na skafu nzuri, ambaye mara nyingi alibaki kwenye kona yake akisahihisha. Kiswahili hakukijua, lakini sufuria alizielewa. Alikuja akaniuliza, nami nikamweleza kila kitu kwa furaha, alama, rangi, swali, ndizi mbili. Nilimchorea hata picha. Alishika mkono wangu akasema ni jambo zuri sana. Kwa miaka yote ile hakuna mwenye chumba aliyewahi kuniuliza ninafundisha nini, na nilirudi nyumbani nikijiona mtu.

Muhula uliofuata tuliitwa walimu wote kwenye siku ya mafunzo. Sisi wa lugha za nyumbani tulikaa nyuma, mahali petu. Yule mwenye chumba alipanda jukwaani, na kwenye ukuta nyuma yake ikatokea picha ya sufuria. Zilikuwa mpya, zinang'aa, hazijawahi kuona hata ugali. Alieleza somo langu mwanzo hadi mwisho, hakuacha hata ndizi. Alisema wazo lilimjia akiwa jikoni kwenye nyumba yake ya kiangazi. Watu walipiga makofi, na mwalimu mkuu wetu alisimama kabisa.

Nilimfuata wakati wa kahawa. Nilimwambia hilo ni somo langu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alitabasamu akaniambia hapa sisi walimu tunagawana kila kitu, na kwamba nifurahi limeenea. Mwalimu mkuu naye aliniomba tusianze mambo ya changu na chako. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi aliyegawa bibi yake alihitaji kufundishwa, lakini mwanamke mzima aliyebeba somo la mwenzake alihitaji makofi.

Nilishuka Rissne kwa rafiki yangu, mama anayesimamia jiko letu la kanisani, nikamwaga yote mezani kwake.

"Mama Mwalimu," alisema, "na wewe uko nanyamaza? Ile kitu iko ya kwako."

"Nimesema. Hawasikii."

"Basi sema mahali batasikia."

Ningeweza kuacha, pengine, kama si yule binti wa Uvira. Ibandikwe ukutani karatasi kubwa ya njia mpya ya kufundisha uaminifu, jina la mwenye chumba limeandikwa juu yake, nani asione? Alinivuta mkono hadi pale.

"Mwalimu, yeye amepewa na wewe. Kwa nini hajasema?"

Nililisoma tena lile jina juu ya karatasi.

"Basi na sisi tusiseme," aliniambia. Alikuwa hanitanii. Alikuwa anataka kujua tu, na wenzake walikuwa nyuma yake wakisubiri.

Hapo ndipo nilipoapa. Sitaki kujipamba, nilitaka mwanamke yule aaibike, na nilitaka aaibike mbele ya watoto hawa. Akipita salama, somo langu limekufa machoni pao, na mimi nimekufa nalo. Nililala na kiapo hicho na kuamka nacho majira yote ya baridi, na nilikuwa na afya nzuri.

Nafasi aliniletea mwenyewe. Mwezi wa Mei shule ilialika wazazi kuja kuona njia ile mpya, na kama ilivyo wakitaka wageni wengi, tuliombwa sisi wa lugha za nyumbani tulete chakula. Mwenye chumba alinijia na skafu yake. Sufuria zake ni ndogo, alisema, hazionekani kutoka mbali. Ningeweza kumwazima zile kubwa, zile za kweli?

Nilimwambia bila shaka.

Nilichukua kubwa kuliko zote, ile ya sherehe, nikasugua chini yake mpaka ikawa safi. Nikaandika jina langu lote, la kwangu na la baba yangu, kwa rangi nyekundu ya kucha, na chini yake nikaandika mwalimu wa Kiswahili. Ilipokauka nikapaka tena. Darasani nilirudia mchezo wetu, nikawakumbusha kwamba kila anayesimama na kitu cha mwenzake huulizwa.

"Hata fröken?" aliuliza binti wa Uvira. Ndivyo watoto wanavyomwita mwalimu wao.

"Hata fröken," nilisema, "hata mwalimu mkuu." Sikuongeza neno.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa nyuma kwenye meza ya chakula pamoja na rafiki yangu wa Rissne, mkononi nina kijiko cha wali. Watoto wangu walikaa mbele. Mwenye chumba alieleza kwa Kiswidi chake kizuri, akaishika ile sufuria kubwa, akaipindua kwa mbwembwe kuelekea wazazi, huku akiuliza ni ya nani.

Watoto wakasoma jina langu wote kwa pamoja, kwa sauti ya kusomea ubaoni. Wazazi walicheka, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Yeye aliinama kutazama chini ya sufuria, na nikaona shingo yake inabadilika rangi juu ya skafu.

Binti wa Uvira alisimama. "Umepewa na nani?"

Mwenye chumba hakuelewa. Alinitafuta kwa macho, maana katika shule ile mimi ndiye niliyewatafsiria kila kitu, barua za wazazi, homa, ugomvi wa uwanjani. Siku hiyo niliendelea kupakua wali. Mtoto akatafsiri mwenyewe, taratibu, kama nilivyowafundisha.

"Sufuria?" alisema mwenye chumba. "Nimeazima."

"Si sufuria," alisema mtoto. "Somo."

Mwalimu mkuu alikohoa. Mwenye chumba alisema kitu kwa sauti ndogo, akinyoosha kidole upande wangu.

"Aseme kwa nguvu," rafiki yangu aliniambia, kisha akasema mwenyewe kwa Kiswidi chake cha kazini, ukumbi mzima ukasikia. "Huku nyuma hatusikii."

Akasema kwa nguvu. Akasema amepewa na mwalimu wa Kiswahili, na akataja jina langu, ingawa alilitamka vibaya. Watoto walingoja. Walikuwa wakingoja nusu ya pili ya jibu, ile ya "na mimi nimeongeza hiki". Haikuja. Basi binti wa Uvira akakaa, na mimi nikahisi utamu ambao siwezi kuuficha wala sitaki.

Sufuria ilirudishwa kesho yake. Niliikuta juu ya meza ya chumba kile, imeoshwa, imekaushwa. Safari nzima ya treni nilikuwa na wasiwasi kwamba atakuwa ametia ndani mkate wa mdalasini, hata mmoja, kwa sababu kwa desturi yetu ningelazimika kuupokea, na tukishakula kitu cha mtu, maneno yamekwisha. Watoto waliingia na makoti yao. Binti wa Uvira alifika kwanza, akasimama kwa vidole na kuchungulia.

"Hajatia kitu," alisema.

"Hana cha kwake," nilimwambia, nikawaambia watoe kalamu.