Wifi Alinilisha Machicha ya Bia, Sasa Wanataka Nimpikie Harusi Yake

Admin, nifichie jina, na msikiti wetu pia usiutaje. Nina miaka thelathini na minne, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi Nabuyonga hapa Mbale. Napika kwenye shughuli za Waislamu: nikahi, akika, futari. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wale wa kuja kwenye komenti kuniambia nitulize moyo wapite tu.

Kazi yangu haitaki cheti, inataka watu waamini mkono wako. Waislamu wa huku hawali kwa mtu wanayemtilia shaka, hata pilau yake iwe tamu vipi. Mimi waliniamini tangu nikiwa msichana, nikimsaidia marehemu mama kupika kwetu Nakaloke.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, anafanya kazi dukani Jinja na anaolewa mwezi ujao. Alinipigia simu niende tukachague vitambaa vya harusi kwenye maduka ya Wahindi. Nikaenda kwa moyo mweupe. Tulipomaliza njaa inauma, akanipeleka mahali anapopasifia kila siku. Kumbe ni baa! Nyumba ya zamani ya Kihindi, wanapika bia yao wenyewe, mapipa ya chuma unayaona nyuma ya kioo, na pembeni kuna tanuri la kuni la pizza. Nikagoma mlangoni.

"Wifi, wewe naogopa nini?" akaniambia. "Watu na watoto wao iko hapa nakula pizza. Wewe kunywa soda yako."

Njaa na heshima ya wifi vikaniingiza. Na sitasema uongo, palipendeza. Tulikaa barazani kwenye makochi laini, upepo unapita, hakuna kelele. Mimi nikaagiza soda. Yeye akaagiza bia, glasi ndefu yenye povu. Nikajisemea hayo ni yake na Mungu wake. Pizza ikaja, ya mboga na jibini. Unga wake ulikuwa wa kahawia, mzito, una utamu fulani ambao sikuujua. Mpishi hawezi kuona kitu kama hicho akakaa kimya, basi nikamwita yule kijana wa tanuri nimuulize wamechanganya nini.

Akafurahi kuulizwa. "Nyabo, mama yangu, hiyo ni machicha. Shayiri ikimaliza kutoa bia, sisi nachanganya na ngano. Hapa hatutupi kitu."

Machicha ya bia! Huku kwetu hayo hulishwa nguruwe. Tonge lililokuwa mdomoni nikalitema kwenye kitambaa cha mikono. Kuinua macho, wifi ananirekodi kwa simu, anacheka mpaka anafuta machozi. Alijua! Pale ndipo anapokula kila akilipwa mshahara. Alinipeleka makusudi.

Kabla sijafika Mbale video ilikuwa kwenye grupu la familia. Bia yake haionekani, wala kutema kwangu. Naonekana mimi na hijabu yangu, mdomo umejaa, yule kijana akitaja machicha ya bia, na sauti ya wifi ikisema, "Mpishi wa mashehe amenogewa!" Kutoka hapo ikasambaa mji mzima. Shehe wetu alisema sina dhambi kwa jambo nisilolijua, tena machicha hayalevyi. Nani anamsikiliza? Akika niliyokuwa nimeahidiwa akapewa mwingine. Mama mmoja sokoni akanipasulia usoni: "Sisi hapana kula mkono ya baa."

Mume wangu anasema ulikuwa mzaha wa kitoto. Nikamwambia, dada yako anakunywa bia, nimemwona kwa macho yangu. Unajua alinijibu nini? "Ukifungua hiyo mdomo kabla ya harusi, rudi kwenu Nakaloke." Anaogopa kwa sababu nyumba anayokwenda kuolewa dada yake ni ya watu wa dini. Wakisikia, hakuna ndoa.

Juzi mama mkwe akaja. Akaketi kwangu, akanywa chai niliyopika kwa mkono huu huu, akasema kwa sauti ya upole: "Mwanangu, pilau kama ya wewe hakuna. Harusi wewe utapika. Lakini pika hapa nyumbani, Hajati jirani ndiyo atapeleka masufuria. Tutasema yeye alipika." Alisema kama ananifanyia hisani! Wifi mwenyewe hajaniomba radhi mpaka leo, ila alinitumia ujumbe nisiweke pilipili nyingi.

Wanataka jibu Ijumaa. Nikikataa, nimeitupa familia ya mume wangu. Nikienda kusema kwa wakwe zake, ndoa yake inakufa na yangu inaifuata, na watoto wangu wapo katikati. Nikipika, nimekiri mwenyewe kwamba mkono wangu ni najisi, na sitapika tena Mbale kwa jina langu.

Nishaurini ndugu zangu, lakini msinipake mafuta. Nijifiche jikoni kwangu kama mwizi, wageni wale washibe wamshukuru Hajati? Au niseme, nyumba zote mbili zibomoke? Nifanye nini?