Aliyezoea Kuletewa Chakula

Husseini alikuwa kinyozi wa Matungu, na kama ulitaka kumbishia, ulipaswa kufanya hivyo kabla hajashika mashine. Alikuwa mkaidi, ila mkaidi wa kupendeka: alikunyoa anavyotaka yeye, kisha akakupa kioo, na wewe mwenyewe ukakubali kwamba umependeza. Mkewe, Asiya, alishamzoea. Abdulfatah, mtoto wao wa pekee, naye alishamzoea, na hapo ndipo msiba wa pili wa nyumba ile ulipoanzia.

Abdulfatah alifanya kazi Mtwapa, kwa mtu aliyeuza ng'ambo samaki wa mapambo. Likizo moja alikuja nyumbani na tangi la kioo, paketi za chumvi ya bahari, pampu ya hewa na wanyama wawili ambao Matungu haikuwa imewahi kuwaona: kamba wa baharini wenye mistari, mikono wameikunja kifuani kama vunjajungu, na macho ambayo kila moja liligeuka kivyake. Alifukia bomba la plastiki mchangani, wote wawili wakaingia humo. Mmoja alikaa mdomoni mwa bomba akingoja. Samaki mdogo akipita, mikono ilichomoka na samaki akawa hayupo tena. Halafu huyo mwindaji alirudi nyuma, akampelekea mwenzake wa ndani, ambaye hakujisumbua kutoka.

"Hawa ni mume na mke," Abdulfatah alisema. "Wakishaoana hawaachani."

"Na huyu wa mlangoni ndio mama," Husseini akasema.

"Baba, kujua lazima umgeuze uone huku chini. Dume ako na vijiti viwili vyembamba, hapa kwa mguu ya mwisho ya kutembelea. Jike hana. Yeye ako tu na alama kidogo katikati ya miguu ya mbele."

"Kwani mpaka nimvue nguo? Anayeleta chakula ni mama. Ni nyumba gani ushaona baba anapelekeanga mama chakula?"

Asiya alicheka huko jikoni mpaka mwiko ukamponyoka. Abdulfatah naye alicheka, akamtazama baba yake, akasema, "Haya baba, ni sawa." Hakumgeuza kamba yeyote. Kijana aliyelelewa vizuri hamuumbui baba yake mbele ya mama.

Mwaka uliofuata lori lilimgonga Abdulfatah asubuhi huko Mtwapa, na kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa, kama dini inavyotaka. Asiya na mumewe walikuwa bado kwenye basi. Walipofika walionyeshwa udongo.

Tangu warudi, Asiya alilala akiutazama ukuta. Husseini, ambaye maisha yake yote alinawishwa na kuandaliwa, alijifunza kusonga obusuma, ugali wa kwao. Mwanzoni ulikuwa na madonge, baadaye ukakubali. Aliweka sahani juu ya kigoda mlangoni pa chumba, akasema, "Chakula hicho," akaondoka upesi kwenda kinyozini, kwa sababu hakuweza kuutazama uso ule. Jioni aliichukua sahani karibu ilivyokuwa. Alikuwa pia ameacha kumwita mkewe Mama Abdul. Hakumwita jina lolote.

Lakini tangi alilitunza. Alikoroga chumvi, akabadilisha maji, akanunua visamaki kwa jirani mwenye kidimbwi. Ndicho kitu pekee mle ndani kilichopangwa kwa mikono ya mwanawe. Hawa wasife, alijiambia kila siku. Hawa tu.

Kisha stima zikapotea, pampu ikanyamaza, na zilipokuja kurudi, yule wa mlangoni alikuwa amekufa. Husseini alimfunga kwenye taulo jeupe la kinyozini akamzika nyuma ya nyumba. Angemgeuza tu, jamani! Alikuwa mkononi mwake. Lakini mtu anayejua tayari hageuzi kitu.

"Mama amekufa," alimwambia Asiya kutoka mlangoni. "Amebaki baba. Huyo atajitafutia."

Akaachilia visamaki tangini, akaenda zake kazini. Jioni ile, kutoka kitandani, sauti iliuliza, "Amekula?"

Husseini alishtuka. Hakukumbuka lini mkewe aliuliza jambo.

"Bado. Lakini mwanaume hakai eda. Atatoka."

Kila jioni Asiya aliuliza, na kila jioni Husseini alijibu hivyo hivyo, sauti ikizidi kupungua. Visamaki viliogelea mbele ya bomba na kunenepa. Mwishowe alilichomoa bomba akammiminia kamba kiganjani. Alikuwa mwepesi mno na hakujitetea. Husseini akamgeuza chini ya taa, akachungulia mguu wa mwisho wa kutembelea kama anavyochungulia mashilingi ya choa kichwani mwa mteja. Hakukuwa na vijiti. Katikati ya miguu ya mbele palikuwa na kaalama hafifu.

Alikuwa jike, na maisha yake yote aliletewa chakula.

Alimrudisha majini mbio mbio, akakata kipande cha samaki, akakishika kwa kibano na kumfikishia mdomoni. Mikono ile ilifunguka nusu, ikagusa nyama, ikalegea. Kipande kikaanguka mchangani, na yeye hakusogea tena.

Husseini alipoinuka aliiona sahani ya mchana juu ya kigoda, obusuma na ingokho, kuku wa mchuzi, haijaguswa. Aliipasha moto. Safari hii alikipita kigoda, akaingia, akaketi kitandani.

"Alikuwa mama," akasema. "Aliyetangulia ndio alikuwa baba. Huyu nilikuwa namwekea chakula hapo nje, naenda zangu."

Asiya aligeuka akamtazama. "Abdul alijua."

"Alijua. Sasa mbona hakunibishia?"

"Kwani wewe unabishiwanga?"

Hapo Husseini alilia, kwa mara ya kwanza tangu walipoonyeshwa ule udongo. Alilia bila kujificha, sahani ikiwa magotini. Alipoweza, alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi.

"Mama Abdul," akaita.

Asiya akafungua mdomo.