Wembe wa Shangazi Yustina

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo chetu cha afya upande wa Kibaoni, hakunipa hata nafasi ya kuweka begi. Alinipeleka uani, kwa mgonjwa aliyeketi kwenye mkeka, akaniambia nivute ngozi ya chini ya jicho lake nitazame kwa mwanga wa jua. Palipotakiwa kuwa peupe palikuwa na rangi ya kiini cha yai.

"Ukiona hivi, usikimbilie kusema malaria," alisema. "Uliza anakula nini, anakunywa nini, na nani katika ndugu zake aliwahi kuwa hivi."

Nilikuwa tabibu mpya, binti wa mjini Mpanda, na niliona maswali hayo ni ya kupoteza muda. Baadaye nilielewa kwamba kwa ugonjwa wa ini, nusu ya kazi ni kuuliza. Ini huharibika taratibu bila kuuma, na mtu akianza kuvimba tumbo huku mikono imekonda, mara nyingi limeshajaa makovu. Kwa hiyo tuliuliza. Mahindi yakinyeshewa shambani, kina mama walichambua yaliyoota ukungu wakayaweka pembeni, na hayakutupwa. Yalikwenda kwenye pombe. Karanga zilizosinyaa zilisagwa zikaungiwa mboga. Ukungu ule huacha sumukuvu, sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Tuliuliza gongo. Tuliuliza mizizi ya kuchemsha, na vidonge vya maumivu vinavyobugiwa kama njugu msimu wa kulima. Niliyasema hayo mpaka sokoni wakaniita Mama Sumukuvu, nami nikaitika.

Hakuna swali kati ya hayo lililonisaidia kijijini Kasansa.

Tulikwenda huko kwa kliniki ya mkoba, ile ya kubeba chanjo na mizani kuwafuata watu vijijini. Ilikuwa saa sita mchana. Niliona watu wakifika karibu na mji mmoja wa familia wanaiacha njia na kuzungukia kwenye majaruba ya mpunga, wanalowa miguu, kisha wanarudi njiani mbele. Nilimuuliza mhudumu wa afya wa kijiji sababu. Alisema ule ni mji wa marehemu Silvanus.

Niliingia. Nyumba zilijengwa kwa mstari: ya baba, ya Leonard mtoto wa kwanza, ya Paskali wa pili, na ya Deusi, kitinda mimba. Tatu za kwanza zilikuwa zimefungwa. Wenyewe walikufa kwa kufuatana, vilevile zilivyopangwa. Wajane na watoto walikuwa wamebanana kwenye kibanda kimoja nyuma, hakuna aliyekubali kulala kule mbele. Uwanja ulifagiliwa vizuri, na hakukuwa na kuku wala mbwa.

Deusi alinieleza akiwa amesimama mlangoni kwake. Wote watatu macho yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, na mwishoni wakawa wanalala mchana na kukesha usiku wakizungumza na watu wasioonekana. Nilimweleza kwamba ini likishindwa kuchuja uchafu wa damu, uchafu ule hupanda kichwani, mgonjwa akapoteza fahamu zake za kawaida. Alinisikiliza kwa adabu.

"Sawa, daktari," alisema. "Lakini Paskali aliniambia baba amemwonyesha mlango wangu."

Nilimtazama macho. Yalikuwa meupe. Alikuwa na mke, Anna, mwenye mimba kubwa. Deusi hakuwa mnywaji wa pombe, na mahindi yao yalikuwa safi.

Aliyewalea vijana wale ni Yustina, dada wa Silvanus, aliyerudi kwao alipofiwa na mume, akakuta mama wa watoto naye ameshafariki. Wote walimwita shangazi. Alikuwa mama mrefu, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Nilipouliza familia ilifanya nini baada ya kila msiba, aliingia ndani akarudi na kitambaa cheusi, akakifungua magotini. Kulikuwa na wembe mmoja.

Aliwachanja chale, alisema, wakubwa na wadogo, kifuani na mgongoni, ili mwili ufungwe dhidi ya marehemu anayeita. Alianza vijana wale walipokuwa wadogo. Wembe ni uleule, mmoja kwa wote, wakipanga mstari. Akibadilisha, nguvu inaondoka. Kisha alilitazama tumbo la Anna, akasema huyu atamchanja kitovu kikishadondoka.

Nilirudi kituoni, bonde lote la Rukwa likiwaka jua. Mganga Mfawidhi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usiende kumwambia ameua," alisema. "Huenda mama yao ndiye aliyewaambukiza virusi wakati wa kuwazaa. Hatujui, na hatutajua. Mwambie kinachoweza kuzuiwa, na uwahi kabla mtoto hajazaliwa."

Nilipomweleza Yustina kuhusu homa ya ini aina ya B, kwamba virusi hukaa hata kwenye chembe ya damu isiyoonekana, na wembe huihamisha kutoka kwa mmoja kwenda kwa anayefuata, hakubisha. Aliuliza tu, "Mimi nachanja, na nyie mnachanja. Tofauti yetu ni nini?"

"Sindano yetu ni ya mtu mmoja, shangazi. Kisha tunaichoma moto."

Wiki hiyohiyo aliwaleta wote kituoni, yeye mbele. Tulitoa tone la damu kwa kila mtu. Deusi alikuwa na virusi. Watoto wawili wa Leonard walikuwa navyo. Anna hakuwa navyo, akapewa chanjo. Yustina hakuwa na kitu.

Niliposoma jibu lake nilitabasamu, nikidhani nampa habari njema. Yeye aliangalia mikono yake.

"Mimi sikuwahi kuchanjwa," alisema. "Anayechanja hachanjwi."

Nilimwambia maneno ya mkuu wangu, kwamba hakuna ajuaye ugonjwa ulianzia wapi. Alitikisa kichwa kama mtu anayemwonea huruma anayemfariji. Kisha akaniuliza, "Walikuwa wanalia sana walipokuwa wadogo. Leonard hasa. Unafikiri walikuwa wanajua?" Aliniachia kile kitambaa mezani akatoka, na wembe tuliutupa kwenye boksi la vyenye ncha kali, pamoja na sindano za siku ile.

Deusi alipelekwa Mpanda, kisha mbali zaidi, akaanzishiwa vidonge vya kila siku. Mtoto wake wa kike alizaliwa mzima na akapata chanjo zote. Mimi nilihamishiwa Mpanda mjini, nikaendelea na utumishi huko, na sasa naishi mtaa wa Kashaulili, jirani na maduka ya nguo. Matabibu vijana wakinitembelea huuliza dalili na dawa. Mimi huwaambia wajifunze pia kukaa na mtu aliyeelewa walichomweleza.

Mwezi uliopita Deusi alikuja kuchukua dawa akapita kunisalimia. Ameanza mvi. Alisema alilijua jambo la wembe tangu siku ile ya vipimo, na shangazi anajua kwamba anajua, hawajawahi kulizungumza. Binti yake analala kwa shangazi, na Deusi amekataa katakata watu wamtenganishe na shangazi huyo. "Ndiye mama niliyebaki naye," alisema.

Siku za chanjo, Yustina ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kuwaita kina mama. Anawashika watoto magotini mpaka muuguzi anapowakaribia na sindano. Hapo huwarudisha kwa mama zao, akatoka nje, akasimama mbali na mikono masikioni.

"Nilimuuliza anaogopa nini," Deusi alisema. "Akasema haogopi. Anasema mtoto yeyote akilia, ni Leonard."