Avis na Haki ya Kusema "Simama"

Uwanja wa ndege wa Skelderby ulijengwa harakaharaka wakati wa vita, kwa ajili ya vijana waliopaa asubuhi kupambana na ndege za Wajerumani, na wengine wasirudi kula mchana. Siku hizi ni wa watu wa kujifurahisha. Jumamosi wanakuja na ndege zisizo na injini, vipandevipande ndani ya matrela, wanaziunganisha, kisha winchi inazivuta kwa waya mpaka zipae. Watu bado wanafia pale, ila sasa wanalipa ada ya uanachama.

Avis Pocklington hahitaji kuambiwa. Klabu ina mwiko mmoja: anayeunganisha ndege yake hasemeshwi, na akisemeshwa, aanze upya. Miaka sita iliyopita Avis, kifua bado kimejaa ugomvi wa jana yake, alimfuata mumewe Clem kwenye trela akammwagia yote. Clem naye akamjibu. Wakarushiana maneno hadi Clem akasusa, akaenda kuruka. Pini inayoshika mkia haikuwa imefungwa, na Clem hakushuka hai.

Hakuna aliyemlaumu Avis, na hilo ndilo lililomkata maini.

Sasa anayeruka ni binti yao, Thea. Mtu mzima yule, angemzuiaje? Avis alibakiwa na haki ambayo klabu humpa yeyote aliyesimama kwenye mstari, hata mchemsha chai: ukiona kasoro, piga kelele "Simama!" na ndege haivutwi. Kwa haki hiyo alimlinda mwanawe, na bila hiyo hakuwa na kitu.

Jumamosi hii waya ulianza kukaza, Avis akaona mkia wa ndege ya Thea unatikisika.

"Simama! Simama!"

Winchi ikanyamaza. Wakakagua ndege nzima.

"Haina hata mkwaruzo," alisema Garbutt, mwenyekiti wa klabu. "Bi Avis, leo tena?"

"Nimeona kitu."

"Unaona kitu kila wiki, mama. Unajua jamaa wa winchi kaniuliza nini kwenye redio? Kauliza, 'Ni Avis au ni kweli?' Siku ikiwa kweli, akiuliza hivyo, mtu amekufa."

Thea alishuka, uso umemwiva. "Mama, nenda kwenye gari."

"Nitasimama tu. Sitasema."

"Utasema. Kwani hatujuani?"

"Basi iangalie ile pini, mwanangu. Mara moja tu."

"Nimeiangalia mpaka macho yananiuma! Baba aliujua mwiko. Alipaswa kuanza upya, hakuanza. Si kosa lako."

"Na nani alimpandisha hasira?"

Thea akaigeukia ndege yake. Neno moja tu lingetosha, hata la uongo. Lakini asubuhi ile ya Clem, Thea naye alikuwepo, na alisikia kila kitu.

Garbutt alimshika Avis kiwiko, akampeleka garini taratibu. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na haki, jambo ambalo halikumsaidia Avis hata kidogo. Alimfungia mlango na kumwomba vioo vibaki juu. Gari lilikuwa limeegeshwa likitazama barabara, uwanja uko mgongoni.

Winchi ikanguruma.

"Simama," alisema Avis, kwa sauti ya kawaida. Ikaendelea kunguruma. "Simama," akasema tena, na ikaendelea.